Tobruk: Ngome Moja, Hatima Tatu

Katika pwani ya mashariki ya Libya, mahali ambapo jangwa linashuka hadi baharini bila ya kuacha nafasi ya misitu wala mashamba makubwa, uko mji wa Tobruk. Ni mji mdogo ukiulinganisha na Tripoli au Benghazi, na kutoka hapo hadi mpaka wa Misri ni mwendo wa kilomita zipatazo 150. Hata hivyo, jina lake limeandikwa katika vitabu vingi vya vita kuliko majina ya miji mingi iliyo mikubwa mara kumi kuliko wenyewe.

Sababu yake ni mapigano ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Katika muda wa miezi 22, tangu Januari 1941 hadi Novemba 1942, Tobruk ilibadilisha mabwana mara tatu. Lakini jambo linalostahili kumfikirisha mwanajeshi na askari polisi si idadi ya mara hizo. Ni hili: mnamo Januari 1941 ngome ya Tobruk ilianguka kwa siku mbili. Kuanzia Aprili mwaka ule ule, ngome hiyo hiyo ilisimama imara kwa siku 241 ikiwa imezingirwa. Kisha mnamo Juni 1942, ngome hiyo hiyo ikaanguka kwa siku moja tu.

Zege lilikuwa lile lile, na hata jangwa halikubadilika. Ni nini basi kilichobadilika? Hilo ndilo swali ambalo makala haya yanakusudia kulijibu.

BANDARI YENYE THAMANI YA JESHI ZIMA

Kwanza ni lazima kufahamu kwa nini majemadari wa pande zote mbili waliutamani mji huu. Vita vya jangwani havifanani na vita vya msituni. Msituni askari anaweza kupata maji, matunda, kuni na kivuli. Jangwani hakuna kitu ambacho hakikuletwa na mtu. Kila lita ya maji, kila debe la petroli, kila mkate na kila risasi lazima visafirishwe. Na lori linalobeba petroli hutumia sehemu ya mzigo wake lenyewe njiani. Kwa hiyo kadiri jeshi linavyokwenda mbali na bandari yake ndivyo nguvu zake zinavyopungua, hata kama halijapigana.

Tobruk ina bandari ya asili yenye kina kirefu, iliyokingwa na mawimbi kwa ulimi wa ardhi. Katika pwani ile ndefu na kame, bandari ya namna hiyo ni adimu. Aidha, barabara kuu ya lami iliyojengwa na Wataliano kando ya bahari ilipita hapo. Jeshi lolote lililotaka kuingia Misri kutoka magharibi bila ya kuishika Tobruk lilikuwa na adui aliyekaa kando ya njia yake ya chakula. Jeshi lolote lililotoka Misri kwenda magharibi nalo liliihitaji bandari hiyo ili lisife njaa.

Wataliano walilifahamu jambo hilo mapema. Waliiteka Tobruk kutoka mikononi mwa Waturuki mnamo Oktoba 1911 walipoanza kuivamia Libya, na katika miaka iliyofuata wakaijenga kuwa ngome. Walichora duara la nusu lenye urefu wa kilomita zipatazo 50, likianzia baharini upande wa mashariki na kumalizikia baharini upande wa magharibi. Katika mstari huo walijenga vituo vya ulinzi vya zege vilivyozama ardhini, vikiwa katika safu mbili. Mbele yake wakachimba handaki la kuzuia vifaru, wakatandaza seng'enge na kutega mabomu ardhini.

HATIMA YA KWANZA: SIKU MBILI

Alfajiri ya tarehe 21 Januari 1941, Divisheni ya 6 ya Australia, ikisaidiwa na vifaru vya Waingereza, iliishambulia ngome hiyo. Jeshi la Italia lilikuwa na mizinga mingi na askari wengi. Lakini vituo vile vya zege vilikuwa vimetengana, na katika vingi askari hakuweza kuona wala kusaidia kituo cha jirani. Handaki la kuzuia vifaru halikuwa limemalizika kila mahali. Zaidi ya yote, Wataliano walikaa ndani ya ngome yao wakingojea kupigwa.

Washambuliaji walichagua sehemu moja nyembamba, wakaipiga kwa mizinga yao yote, wahandisi wakajaza handaki na kukata seng'enge, na vifaru vikapita. Baada ya hapo waligeuka kushoto na kulia na kuvitwaa vituo kimoja baada ya kingine kutoka ubavuni na mgongoni. Siku iliyofuata mji ulikuwa umetekwa, pamoja na mateka wapatao 25,000. Juu ya mlingoti wa bendera mjini askari wa Australia alipandisha kofia yake, kwa kuwa hapakuwa na bendera karibu.

HATIMA YA PILI: SIKU 241

Ushindi huo haukudumu kwa raha. Serikali ya Uingereza ilichukua vikosi vingi vilivyozoea jangwa ikavipeleka Ugiriki. Wakati huo huo, mnamo Februari 1941, Jenerali Erwin Rommel wa Ujerumani alishuka Tripoli. Mwishoni mwa Machi alianza kusonga mbele kwa kasi ambayo hakuna aliyeitarajia, na ilipofika tarehe 10 na 11 Aprili alikuwa ameizingira Tobruk. Nje ya mji ule hapakuwa na kikosi cha Waingereza kilichobaki upande wa magharibi wa mpaka wa Misri.

Ulinzi wa ngome alikabidhiwa Meja Jenerali Leslie Morshead wa Divisheni ya 9 ya Australia. Chini yake walikuwepo pia wapiga mizinga wa Kiingereza, askari wa vifaru na kikosi cha Wahindi. Divisheni yenyewe ilikuwa changa na haikuwa na silaha kamili. Morshead aliwaeleza makamanda wake bila ya kificho kwamba hapatakuwa na kukimbilia melini, na kwamba kila kituo kitapiganiwa. Kisha akatoa amri ambayo ndiyo iliyoyatofautisha mazingira yale na yale ya Januari: nchi iliyo kati ya seng'enge na adui isiachwe wazi, iwe mali ya walinzi. Kila usiku doria zilitoka nje ya ngome. Mzingiwa akawa ndiye mwindaji.

Rommel aliishambulia ngome wakati wa Pasaka. Usiku wa tarehe 13 Aprili kundi la Wajerumani lilipenya seng'enge na kusimika bunduki zao ndani ya mstari wa ulinzi. Luteni Austin Mackell alichukua askari sita akaenda kuwafukuza kwa mabomu ya mkono na singe. Mmoja wao, Koplo John Edmondson, alijeruhiwa shingoni na tumboni, lakini aliendelea kupigana na kuokoa maisha ya ofisa wake aliyekuwa amezidiwa. Alifariki kwa majeraha hayo. Alitunukiwa nishani ya Victoria Cross, naye akawa mwanajeshi wa kwanza wa jeshi la Australia kuipata katika vita hivyo.

Kulipopambazuka tarehe 14, vifaru 38 vya Wajerumani viliingia kupitia pengo hilo. Askari wa miguu wa Australia hawakukimbia, wala hawakujaribu kuvizuia kwa bunduki. Walilala kimya ndani ya vituo vyao, wakaviacha vipite juu na kando yao. Kisha wakainuka na kuwapiga askari wa miguu wa adui waliofuata nyuma. Vifaru navyo, vikiwa vimebaki peke yao, vilijikuta uso kwa uso na mizinga ya Kiingereza ya ratili 25 iliyopigwa kwa shabaha ya moja kwa moja. Vifaru 16 viliharibiwa, na vilivyosalia vikarudi vilikotoka.

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa askari wengi wa Ujerumani kuona mbinu yao ya kupenya kwa vifaru ikishindwa. Walijaribu tena mwishoni mwa Aprili na kupata kipande cha ardhi upande wa kusini-magharibi, penye kilima cha Ras el Medauar, lakini hawakuuona mji.

Basi yakaanza maisha ya kuzingirwa. Jua liliunguza mchana na baridi ikauma usiku. Viroboto na nzi walikuwa adui wa pili. Maji yalikuwa na ladha ya chumvi na yaligawiwa kwa kipimo. Ndege za adui zilipiga bandari karibu kila siku, na meli zilizozama zilijaa humo kama mifupa. Chakula, risasi na barua vilikuja usiku kwa manowari zilizoingia gizani, zikapakua kwa haraka, zikapakia majeruhi na kuondoka kabla ya kupambazuka. Wapishi, makarani na madereva walichukua mizinga iliyoachwa na Wataliano, mingine ikiwa haina hata vyombo vya kulengea, wakajifunza kuipiga.

Redio ya Ujerumani iliwadhihaki walinzi hao kwa kuwaita panya walionaswa mtegoni. Wao hawakukasirika. Walilichukua jina hilo na kulivaa kama nishani. Wengine walijichongea medali za panya kwa bati la ndege za Kijerumani walizoziangusha. Hadi leo, wapiganaji wale wanakumbukwa nchini Australia kwa jina la Panya wa Tobruk.

Kuanzia Agosti hadi Oktoba 1941, Waaustralia wengi waliondolewa kwa meli nyakati za usiku usio na mbalamwezi, na mahali pao wakaingia Waingereza, Wapolandi na Wachekoslovakia. Mnamo Novemba Jeshi la Nane la Uingereza lilianza mashambulizi kutoka Misri. Walinzi wa Tobruk wakatoka nje ya ngome kwenda kukutana nalo, na mapema Desemba mzingo ukavunjika.

HATIMA YA TATU: SIKU MOJA

Hapa ndipo linapoanza somo chungu. Mnamo Februari 1942, makamanda wakuu wa nchi kavu, bahari na anga mjini Cairo walikubaliana kwamba Tobruk isishikiliwe tena kama itazingirwa, kwa kuwa Jeshi la Maji lilikuwa limepoteza meli nyingi mno kwa kuilisha. Uamuzi huo ulikuwa na sababu zake. Lakini matokeo yake ni kwamba ngome haikutunzwa. Mabomu mengi yaliyotegwa ardhini yalifukuliwa na kupelekwa kwenye mstari mpya wa ulinzi huko Gazala. Upepo wa jangwa ukaendelea kujaza mchanga katika handaki la kuzuia vifaru, na mahali pengi halikuchimbuliwa tena. Wahenga wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Huko Tobruk ufa uliachwa, na wakati wa kujenga ukuta haukupatikana.

Tarehe 26 Mei 1942 Rommel aliushambulia mstari wa Gazala kwa kuuzunguka kutoka kusini. Katika mwisho wa mstari huo, mahali pa ukiwa panapoitwa Bir Hakeim, brigedi ya Wafaransa Huru ya Jenerali Koenig ilimzuia kwa muda wa majuma mawili. Ni vema msomaji akumbuke kuwa miongoni mwa walioitwa Wafaransa pale walikuwepo Waafrika wa Ubangi-Shari, nchi ambayo sasa ni Jamhuri ya Afrika ya Kati. Baada ya usiku wa Juni 10 Bir Hakeim ilihamwa, na katika siku zilizofuata Jeshi la Nane lilipoteza vifaru vyake vingi na kuanza kurudi Misri.

Hapo ndipo Tobruk, iliyokuwa imeamuliwa isilindwe, ikaamriwa tena kulindwa. Waziri Mkuu wa Uingereza, Winston Churchill, hakutaka kusikia kuwa inaachwa. Jenerali Auchinleck mjini Cairo na Jenerali Ritchie vitani walikuwa na maelewano tofauti juu ya kazi yake. Mzigo ukamwangukia Meja Jenerali Klopper wa Divisheni ya 2 ya Afrika ya Kusini, ambaye alikuwa na mwezi mmoja na siku chache tu katika uongozi wa divisheni hiyo. Alikuwa na zaidi ya askari 30,000, lakini wengi wao walikuwa wa kazi za nyuma. Hapakuwa na mpango mmoja uliojulikana na kila kikosi. Na viwanja vya ndege vilikuwa vimesogezwa mbali, hata ndege za kivita hazikuweza tena kuufunika mji.

Alfajiri ya tarehe 20 Juni 1942 ndege za Kijerumani zilishambulia upande wa kusini-mashariki, uliolindwa na brigedi ya Wahindi. Mara baada yake wakaja wahandisi na askari wa miguu, na kabla ya saa tatu asubuhi vifaru vilikuwa vinavuka handaki. Safari hii hapakuwa na mizinga iliyopangwa kuvisubiri ndani. Vikosi vya akiba viliitwa kwa kuchelewa na kuingia vitani kimoja kimoja. Jioni Wajerumani walikuwa bandarini. Asubuhi ya tarehe 21 Klopper alisalimu amri. Kikosi cha Cameron Highlanders kiliendelea kupigana hadi siku iliyofuata, lakini ngome ilikuwa imekwisha. Mateka walikuwa wapatao 33,000, na Rommel alipata magari, vyakula na petroli iliyomwezesha kuendelea hadi El Alamein. Kwa ushindi huo alipandishwa cheo kuwa Fildi Masha.

Churchill alipata habari hizo akiwa Washington pamoja na Rais Roosevelt. Roosevelt akaahidi kutoa vifaru 300 vya aina ya Sherman. Vifaru hivyo vilikuwa miongoni mwa silaha zilizotumika katika mapigano ya El Alamein, yaliyoanza tarehe 23 Oktoba 1942. Baada ya ushindi huo, tarehe 13 Novemba 1942, Jeshi la Nane liliingia tena Tobruk, na safari hii halikutoka.

KOPO LA MAZIWA

Katika maelfu ya mateka wa Juni alikuwamo mwana wa Afrika aliyeitwa Job Maseko. Alikuwa mbebaji wa majeruhi katika kikosi cha askari weusi wa Afrika ya Kusini. Serikali ya nchi yake ya wakati huo iliona vibaya mtu mweusi kushika bunduki; askari hao waliruhusiwa kuchimba, kubeba, kuendesha magari na kupika, na walipopewa zamu ya ulinzi walishika mikuki. Vita vya vifaru, na mlinzi ana mkuki!

Wajerumani walimfanya Maseko kuwa kuli wa kupakua meli katika bandari ya Tobruk. Tarehe 21 Julai 1942, mwezi mmoja kamili baada ya ngome kuanguka, alichukua kopo tupu la maziwa, akalijaza baruti aliyoitoa katika risasi, akatia utambi, na kulificha ndani ya meli karibu na mapipa ya petroli. Aliwasha utambi mwishoni mwa kazi, akashuka pamoja na wenzake. Meli ililipuka na kuzama. Baadaye Maseko alitoroka, akatembea kwa miguu jangwani kwa majuma kadhaa hadi akawafikia wenzake. Alipewa Nishani ya Kijeshi, ile inayoitwa Military Medal. Vita vilipokwisha alirudi katika umaskini ule ule na sheria zile zile za ubaguzi, na mwaka 1952 alifariki baada ya kugongwa na treni.

Ngome iliyokuwa na mizinga na vifaru ilitekwa kwa siku moja. Mtu mmoja aliyenyimwa hata bunduki aliendelea kuipigania kwa kopo la maziwa. Mwenye kutaka kujua ulinzi hukaa wapi, na atazame hapo.

Tusisahau pia kwamba maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki walipelekwa Misri na Mashariki ya Kati katika vita hivyo wakiwa askari wa Pioneer. Walijenga barabara, walipakua meli na kulinda maghala. Kwa wengi wao hakuna kitabu kilichoandikwa.

WENYE NCHI

Wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Watu wa Tobruk na Waarabu wa jangwa linaloizunguka hawakuulizwa kama walitaka vita hivyo. Walikuwa wamekwisha kupigana vita vyao wenyewe vya miaka ishirini dhidi ya Wataliano. Kiongozi wao, Omar Mukhtar, mzee wa zaidi ya miaka sabini, alinyongwa mnamo Septemba 1931, na maelfu ya watu wake walikufa katika kambi za kufungiwa raia. Baada ya vita vya wageni, walirithi magofu, na mabomu yaliyofichwa mchangani yaliyoendelea kuua na kukata miguu ya wachungaji kwa miaka mingi.

Libya ilipata uhuru wake mnamo Desemba 1951. Katika miaka ya 1960 bomba la mafuta kutoka visima vya Sarir lilifikishwa Marsa el Hariga, ng'ambo ya bandari ya Tobruk, na meli zilizoingia hapo zikawa za kuchukua mafuta badala ya kuleta risasi. Lakini misukosuko ya nchi haikwisha. Mnamo Agosti 2014, wakati mapigano yalipoikumba Tripoli na Benghazi, Baraza la Wawakilishi la Libya lilikwenda kukutana Tobruk. Kwa mara nyingine mji ule ukawa mahali pa kukimbilia.

Nje ya mji yako makaburi. Katika makaburi ya Jumuiya ya Madola wamelala zaidi ya watu 2,200. Jirani yake Wajerumani walijenga ukumbusho wao mfano wa ngome, wenye majina ya watu zaidi ya 6,000. Waliotafutana kwa bunduki sasa ni majirani.

JIBU LA SWALI

Turudi basi katika swali letu. Mnamo Januari 1941 walinzi walilitegemea zege. Mnamo Aprili mwaka huo walinzi walijitegemea wenyewe, wakalitumia zege kama chombo tu: kila mtu aliijua kazi yake, doria hazikukatika, mizinga ilipangwa nyuma ya askari wa miguu, na amri ilikuwa moja. Mnamo Juni 1942 amri zilikuwa nyingi, mpango haukuwapo, na matunzo yalikuwa yameachwa kwa miezi minne na zaidi. Askari waliotekwa siku ile hawakuwa waoga. Wengi walipigana mahali walipowekwa, lakini waliwekwa vibaya na kwa kuchelewa. Mchanga uliolijaza lile handaki haukumwagwa na adui. Ulimwagwa na upepo, kidogo kidogo, siku ambazo hapakuwa na vita na hakuna aliyeshika sururu.

Askari wetu anayelinda ghala, daraja, kituo cha polisi au mpaka huenda asione adui kwa miaka kumi. Seng'enge ikilegea, ataambiwa itafungwa kesho. Taa ya lindo ikizimika, itasemwa kuwa hapana haraka. Habari za Tobruk zinatufahamisha kwamba siku hizo tulivu ndizo ambazo ngome hujengwa au huvunjwa. Siku ya mapigano huja kuhesabu tu kazi iliyokwisha kufanyika.